Mgeni na Bao

Kila kijiwe cha bao mjini Bariadi hupata mgeni wa namna hii. Hajui kutakasa, kazi ya nyumba haijui, ila kasoro za mchezo ameshaziona. Mashimo 32, anasema, mengi mno. Kete 64 ni mzigo. Na hiyo namua, kila mmoja kuingiza moja moja zile 22 za mkononi, inapoteza muda; watu wa siku hizi wana haraka. Apunguze tu kidogo, mchezo upendeze.

Wazee hawambishii, na hapo ndipo angepaswa kuogopa. "Sawa, mjukuu wangu. Karibu, tuanze na huu wetu wa kizamani." Namua aliyoilalamikia kuwa ndefu hakuimaliza: safu ya mbele tupu, kete nyingine bado kiganjani.

Wazee nao wasijitie upole. Wazo lolote walishalicheka tangu Bariadi ikiwa mkoani Shinyanga, kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012, na mengi waliyacheka bila kuyasikiliza.

Juzi amekuja mgeni mwingine, ana mapendekezo. Wa kwanza kumzomea ni yule yule wa mashimo mengi.