Namna ya Kuwa Mtu wa Dunia Bila Kutoka Pweto

Anza na mavazi, kwa sababu watu huona nguo kabla hawajasikia Kiingereza chako. Nenda kwenye salaula, mitumba iliyovuka kutoka Zambia, inamia rundo, chambua mpaka upate fulana yenye jina la chuo usichokijua, cha mji usioujua. Usiulize maana. Fulana ya mbio za hisani za kijiji fulani cha Marekani ina heshima kuliko shati la fundi wa sokoni aliyekupima mabega, maana fundi tunamjua ni mtoto wa nani. Ukipata ya Arsenal, vaa hata harusini.

Kisha lugha. Hapa Pweto, penye mpaka wa Kongo na Zambia, tumejaliwa: Kiswahili chetu cha Katanga, Kibemba, Kifaransa cha shule, na Kiingereza walichorudi nacho ndugu zetu waliokimbilia kambi za Mwange na Kala wakati wa vita. Mtu mwingine angeiita hiyo mali. Wewe ione kuwa aibu. Acha "jambo yenu" ya kambo wako, aliyemzaa mama yako; sema "mambo vipi" kama mtangazaji wa Dar es Salaam, na uvute sauti puani kidogo.

Mega za intaneti zinunuliwe kabla ya unga wa bukari. Hili halina mjadala. Mtu hafi kwa kulala na njaa siku moja, lakini akichelewa siku moja kuujua mtindo mpya wa kucheza, watu watamuuliza kama alikuwa amelazwa. Ngoma zenyewe utazitoa kwa Diamond Platnumz wa Tandale. Kuna jambo dogo hapa, na ni vizuri usilijue: mwaka 2020 Diamond alipotaka mtu mzito wa kuimba naye "Waah!", alimtafuta Koffi Olomide, Mkongo. Kwa hiyo kijana wa Pweto anayekatika mbele ya simu anamwiga Mtanzania aliyekuja kuchota kwetu. Ukianza kufikiria hivyo utakosa hatua. Cheza tu.

Sasa tufike kwenye kanuni kuu, ambayo bila hiyo mengine yote ni bure: kitu cha kwenu hakina thamani mpaka kivuke mipaka na kurudi na muhuri.

Mchukue Jean Bosco Mwenda, mtu wa Bunkeya. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine yake ya kurekodia, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akipiga gitaa kwa vidole. Wimbo wake "Masanga" ulianza safari kabla yake, naye akaufuata. Alifika Nairobi, ambako alitangaza vidonge vya Aspro redioni, na mwaka 1969 akapanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Wapiga gitaa wa Kenya walimfuata kidole kwa kidole, na wasomi wakaketi kuandika nota zake. Leo mtafute kijana mwenye gitaa, hapa au Lubumbashi, umuulize kama anamjua Bosco. Akisema hapana, anaendelea vizuri. Akisema ndiyo, muulize alimjulia wapi. Atakuonyesha YouTube, Mzungu mwenye ndevu akifundisha taratibu mahali pa kuweka dole gumba.

Rumba ni hivyo hivyo. Midundo ilipelekwa Kuba ndani ya meli za watumwa, ikarudi miaka ya 1930 kwenye santuri zilizoandikwa GV, babu zetu wakazinunua kama mali mpya kabisa. UNESCO ilipoiandika rumba ya Kongo kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2021, hata walevi walijivuna.

Na Kidiaba je? Kila Mazembe, klabu ya Lubumbashi, ilipofunga, kipa wake huyu alikaa chini na kurukaruka kwa makalio. Desemba 2010, huko Abu Dhabi, Mazembe iliitoa Internacional ya Brazil 2-0, ikawa klabu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika Kusini kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Inter Milan ilitufunga 3-0, lakini ni nani anayekumbuka mabao yale? Makalio ya Kidiaba ndiyo yaliyozunguka dunia. Ukitaka kuruka hivyo kwenye sherehe, tangulia kusema umeiona kwenye simu. Ukisema umeiona Lubumbashi, watakuona mshamba.

Atatokea mzee wa kukushauri urudi kwenye uasili. Msikilize kwa adabu, kisha umkumbushe kwamba dawa hiyo tulishainywa. Miaka ya 1970 Mobutu alitukataza tai na majina ya ubatizo ya Kizungu, akatuvalisha abakosti, koti ambalo ukilitazama vizuri unamwona Mao. Habari za runinga zilianza kwa uso wake ukishuka kutoka mawinguni. Tulikatazwa kuiga Ulaya, tukaiga China, tofauti ni kwamba safari hii ilikuwa kwa amri.

Limebaki jambo la jirani yako, yule anayepiga karindula, banjo lile kubwa la pipa la mafuta lililowambwa ngozi ya mbuzi. Akipita na wenzake jioni, funga dirisha, wanakuharibia sauti ya video. Usimpe hata faranga mia tano. Mwaka 2011 kampuni ya Crammed Discs ya Brussels ilitoa muziki huo kutoka Lubumbashi pamoja na filamu yake, kwa hiyo kuna siku na hapa watafika wageni wenye kamera. Siku hiyo wahi mapema, simama nyuma yake pale picha inapokufikia, na fulana yako ya chuo iwe imepigwa pasi.