Karibu, Mwanafunzi Mpya

Jana, kwenye stesheneri moja hapa Mlowo, wilayani Mbozi, nilidhalilishwa mbele ya mama aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho cha NIDA. Mimi nilikwenda kuprinti cheti cha kozi ya mtandaoni ya kuandika programu, maana ilibaki nibofye tu. Kijana wa dukani akafungua akaunti yangu. Mstari wa kijani uliokuwa umekaribia ukingoni ukasimama kwenye asilimia 31, na kioo kikatangaza: "Karibu! Leo tutajifunza kompyuta ni nini."

Kijana akageuka. "Kaka, cheti cha nini sasa, na hata kompyuta bado hujaambiwa ni nini?"

Mama alicheka mpaka akaegemea mashine, ikamtolea kopi ya kiwiko.

Kumbe kozi ilikuwa imeboreshwa usiku.

Nimelichunguza jambo hili mpaka limeanza kunipendeza. Mfumo haujui unachokijua wewe, unajua namba. Kila somo lina namba yake, na ukilimaliza namba hiyo inaandikwa kwenye akaunti yako, basi. Wakiling'oa somo sura ya tatu wakalipanda sura ya saba, likapewa namba mpya, mfumo unaapa kwamba hujawahi kulitia machoni. Video ni ileile, mwalimu yuleyule, shati lilelile, na anakohoa palepale anapofika kwenye mabano. Nilikisubiri kikohozi. Kikaja.

Masomo mengine yamebadilika neno moja: palipokuwa na "var" pamewekwa "let". Sina ugomvi na "let". Iliingia rasmi kwenye lugha ya JavaScript mwaka 2015, na ina adabu: jina ulilolitangaza ndani ya mabano linaishia humohumo, halichungulii nje kuvuruga mambo kama la "var". Hayo yangenitosha kwa sentensi moja. Nimerudishiwa sura nzima.

Tena wenye kozi hawahawa ndio wanaotufundisha Git, programu ya kufuatilia mabadiliko, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Kwa amri moja inakuonyesha mstari uliofutwa kwa rangi nyekundu na ulioongezwa kwa kijani, faili lisilobadilika haikusumbui nalo. Chombo wanacho, wanakitumia kutwa kwenye kazi zao. Kutuonyesha sisi kilichobadilika, hapana, tuanze upya. Mwenye intaneti isiyopimwa hawezi kuona tatizo liko wapi. Mimi kikohozi cha yule mwalimu nimekilipia bando mara ya pili, na hakuna wa kunirudishia hata MB moja.

Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya, sisi wa Mbozi tulibadilisha anwani. Hakuna aliyerudishwa darasa la kwanza.

Somo la kanuni ya "usijirudie" limo katika sura mbili.

Mpwa wangu aliyejiunga juzi keshanipita. Asubuhi ameniletea chai, akaniangalia kwa huruma. "Mjomba," akasema, "ukikwama niulize."