Katibu na Laptopu Yake

Kamati ya harusi ya binamu yangu ilinipa ukatibu kwa sababu moja tu: nina laptopu. Hakuna aliyeuliza kama inafanya kazi.

Niliinunua Kariakoo, mtumba wa Dubai, RAM GB 4, na juu ya kifuniko duara la kikombe cha chai cha mwenyewe wa zamani. Mwanzoni ilikwenda. Kufikia kikao cha tatu ukibonyeza herufi J unaweza kwenda jikoni, ukaonja mchuzi, ukarudi ukakuta J ndiyo kwanza inatokea. Feni nayo ilivuma hadi jirani akaniuliza nimenunua jenereta ya shilingi ngapi.

Vikao vyenyewe vilikuwa hivi. Mjomba, ambaye ndiye mwenyekiti, anasema, "Katibu, tusomee wasiolipa ahadi." Nabonyeza. Kiduara kinazunguka. Wajumbe wanakikodolea macho kama watu wanaongoja mwezi uandame, huku wenye madeni wakinywa soda zao kwa amani. Dakika ya kumi mjomba anachoka: "Haya, tuje kwenye suala la MC."

Kila mtu alikuwa na tiba yake. Shangazi alishauri izimwe usiku kucha ipumzike. Mpwa wangu wa kidato cha tatu alisema ni virusi, akaweka antivirusi ya bure. Haikusaidia, akaweka ya pili juu yake. Tangu siku hiyo hata mshale wa kipanya ukawa unatembea kwa hiari yake.

Usiku mmoja nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nikaona siri za ndani: prosesa asilimia 100, kumbukumbu asilimia 97, diski nayo 100. Kwenye brauza kulikuwa na kurasa 43 zimefunguliwa. Vijana wanaziita tabu, na jina limezikaa. Kumbi 11, keki 9, na pishi la biriani nililolifungua Ramadhani na sijalipika hadi leo. Nikajaribu kuzifunga. Kidirisha cha kufungia programu zilizokwama kikakwama nacho.

Nikaipeleka kwa fundi. Aliitazama dakika mbili, akacheka kwa adabu.

"Bosi, umeweka walinzi wawili geti moja."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila faili likifunguliwa, antivirusi ya kwanza inalipekua. Ya pili inaona faili limeguswa, inashtuka, inalipekua upya. Zinakesha zikishukiana, na mshahara wa zote mbili unalipwa na prosesa. RAM nayo, akasema, ni meza ya mama lishe: ikijaa, kila kijiko cha chumvi anakifuata stoo. Stoo yangu ni diski ya kizamani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika. Nikadhani hizo ni mbio. Kumbe kwa kompyuta huo ni mwendo wa mkokoteni mtaa wa Msimbazi, saa sita mchana.

Kisha akachukua bisibisi. Kwenye feni akatoa vumbi lililoshikana kama kipande cha blanketi, na katikati yake bisi moja, nzima. Prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi isiungue, na kwa hali ile hata mimi ningejipunguzia.

Akaondoa antivirusi zote mbili, akauacha ulinzi uliokuja na Windows yenyewe. Akaongeza RAM ikafika GB 8, akaniwekea diski ya SSD, isiyozunguka kabisa. Nikalipa palepale, kwa fedha niliyokuwa nimeitenga kwa shughuli nyingine.

Jumapili, kikao cha mwisho. Safari hii tulikuwa na projekta, na mjomba akasema yale maneno yake. Nilikuwa nimejiandaa kukohoa, kunywa maji, kulalamikia umeme. Sikupata nafasi. Nilibonyeza mara moja, orodha ikajaa ukutani kabla sijaondoa kidole, imejipanga yenyewe kuanzia deni kubwa. Soda zikatuliwa mezani.

Mstari wa kwanza: Katibu. Ahadi 200,000. Amelipa 0.

Harusi ni Jumamosi. Msomaji mwenye laki mbili zisizo na kazi wiki hii, tafadhali tuwasiliane. Laptopu naweka rehani. Sasa inawaka kabla hujakaa kwenye kiti.