Heko kwa Dosie ya Kuhama Fakulte

Mengi yamesifiwa katika Kivu: ziwa, jibini ya Masisi, hata chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, imesimamishiwa sanamu mjini Goma. Dosie ya kuhama fakulte haijapata hata ubeti mmoja, na huo ni utovu wa shukrani. Leo nalipa deni hilo kwa niaba ya vijana wa Kibati walioingia chuo kusomea maendeleo vijijini, kisha wakatambua kwamba riziki yao iko kwenye usimamizi wa biashara, ng'ambo ya ua uleule.

Nianze na nasaba, maana mtukufu hatajwi bila wazazi wake. Baba yake ni ofisi ya Mbelgiji, iliyoamini kwamba jambo lisiloandikwa nakala tatu halijatokea. Ujana wake aliupitia Lovanium, chuo kikuu kilichofunguliwa Léopoldville mwaka 1954. Uhuru ukaja, nchi ikaitwa Zaire, ikarudi kuitwa Kongo, naye akabaki na apariteri wake, yule karani wa masjala ya chuo, na ada aiitayo minervali, na ubao wake wa matangazo. Mfumo mpya wa digrii, LMD, ulipoletwa mwaka wa masomo 2021-2022, wengine walidhani siku zake zimekwisha. Kumbe alinenepa: sasa kote, yaani alama, za zamani sharti zigeuzwe kuwa krediti, na kila ugeuzaji unadai karatasi yake.

Tumbo lake ni pana. Humo mna diploma ya serikali yenye asilimia, kopi iliyopigwa muhuri, releve ya kote za kila mwaka, cheti cha mwenendo mwema, risiti za ada, barua kwa mkuu wa fakulte unakotoka na nyingine kwa mkuu wa fakulte unakokwenda. Wakuu hao wawili kila mmoja humngojea mwenzake atangulie kutia sahihi. Adabu ya kupishana namna hiyo hata harusini huioni. Apariteri analowesha kidole gumba kwa ulimi, anafunua karatasi moja moja, anafika kwenye releve na kuiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mutoto yangu, hii muhuri imegusa jina. Utarudia kesho."

"Ndiyo, papa."

Wenye haraka humwita dosie kikwazo. Wapenda elimu wanamjua kuwa profesa, tena asiyeuza silabasi. Kabla kijana hajakalia benchi la usimamizi, ameshasoma gharama kwa nauli ya pikipiki na bei ya fotokopi. Uhaba ameusoma kwa nafasi chache zinazogombewa na kila mtoto ambaye mzazi wake amesikia kwamba wahasibu hawalali njaa. Hatari ameisoma siku fakulte ya zamani ilipomfuta na mpya haijamwandika. Akikataliwa mwaka wa masomo ukiwa umefika katikati, basi hata somo la hasara amefuzu, bila kungoja sesheni ya pili.

Lakini ukuu wake hasa huonekana ukimtazama kutoka Kibati. Sisi wa chini ya volkano ya Nyiragongo kuhama tunahamishwa bure. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lilimwagika lote kwa muda usiotimia saa moja. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma hadi ikaingia Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 ilikata barabara ya Rutshuru, ikaja kusimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Hakuna aliyeulizwa releve. Mwaka 2008 Kibati ilijaa waliokimbia vita. Vita vikawafuata, wakaambiwa waende kambi ya Mugunga. Agosti 2013 mizinga ililia kwenye vilima vyetu. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma na benki zikafunga milango, benki zilezile ambazo vijana waliomba kuhamia usimamizi wakiota kuajiriwa nazo.

Katika nchi ambamo kila kitu kinakufukuza, dosie peke yake ndiye anayekuambia: baki hapo ulipo. Mlinzi kama huyu tunamfungia kwenye kabati la chuo ili amzuie mtu mwenye kalamu na daftari!

Kwa hiyo naomba apariteri aletwe Kibati, apewe meza, kiti na kidau cha wino kando ya barabara. Lava ikitaka kushuka, ilete barua ya kreta inayokubali kuiachilia. Kamanda wa jeshi lolote, atoke kaskazini au kusini, apange mstari na kopi zake. Atakapofikia kipengele cha cheti cha mwenendo mwema, sisi tutakuwa tumevuna viazi mara mbili. Ila kijana wetu wa maendeleo vijijini, ambaye hajamchomea mtu nyumba, huyo aachwe avuke ua akasome.