Mheshimiwa Rimu

(Karakana ya fundi baiskeli, Shinyanga, jioni. Gurudumu la nyuma la baiskeli ya mashindano liko kwenye stendi. Ukutani, kwenye msumari, amening'inia Rimu Kuukuu wa Raleigh, chuma, matundu 40.)

RIMU NENE: Ndugu wananchi, nitazameni! Kaboni tupu, kina milimita 60. Upepo ukinikuta unapita kwa adabu. Mbio za baiskeli hii ni mimi.

NIPELI (ndani, akigongagonga): Samahani mheshimiwa, nimedondokea tumboni mwako. Huku giza.

RIMU NENE: Nani kamruhusu huyu kupiga kelele nikihutubia?

SPOKI WA KULIA: Mlaumu fundi. Angemfungia spoki ya akiba kwa nyuma, akamwongoza nayo mpaka kwenye tundu lake, asingepotea.

(Fundi analitikisa gurudumu kama kibuyu cha maziwa. Nipeli anachungulia kwenye tundu la valvu.)

NIPELI: Shikamoo mzee.

RIMU KUUKUU: Marahaba. Pole, mwanangu. Zama zetu nyuma tulikuwa na spoki 40, mbele 32, tukabeba gunia la mkaa na mwenye mkaa juu yake.

RIMU NENE: Arobaini ni ubadhirifu, mzee. Mimi naendesha serikali ndogo: 24 tu, maana ukuta wangu haupindi.

SPOKI WA KULIA: Ndogo kwako! Kwanza umetupunguza kimo: kwa rimu nyembamba tungefika kama milimita 290, kwako tumebaki 250. Halafu kaseti imekalia upande wetu, ukingo wa habu ukasogezwa katikati, tukasimama karibu wima. Ili wewe ukae sawa kwenye fremu, kila mmoja wetu anavutwa kilo 120.

SPOKI WA KUSHOTO: Na sisi sitini. Barabara ya changarawe ikitutikisa tunalegea, kisha tunaitwa wavivu.

HABU: Mnanisahau mimi ninayepokea mguu wa mwendeshaji? Bila nyinyi kupishana kule kulia, ningeanza kuzunguka kabla mheshimiwa hajapata habari.

RIMU KUUKUU: Wapo mafundi wanaofunga spoki 16 kulia na 8 kushoto, mkazo ukakaribiana.

RIMU NENE: Hilo litahitaji kamati. Nimetobolewa 12 kwa 12, ndiyo katiba.

SPOKI WA KUSHOTO: Na nipeli ulizozificha ndani? Nikilegea kidogo tu, fundi avue tairi, mpira na utepe ndipo anikaze.

RIMU NENE: Nipeli ya nje inakamata upepo. Usiri ndio mwendo.

RIMU KUUKUU: Mwendo wa nani? Mwenye baiskeli namfahamu, safari yake ni kwenda kunywa kahawa na kurudi. Kwa kilomita 15 kwa saa upepo hauna ugomvi na mtu. Na ule wa ubavu, wewe wa nyuma unautazama tu. Mwenzako wa mbele ndiye anayeng'ang'ania usukani.

RIMU NENE: Wivu huo, mzee. Fundi, nivishe tairi, watu wananisubiri!

(Tairi linavaa. Fundi anashika pampu, anazungusha gurudumu mara moja, mara ya pili, anainama, anaingiza ukucha kwenye tundu.)

MPIRA WA NDANI: Mheshimiwa, nimeshafika. Ila valvu yangu ni ya milimita 40.