Mabano Mawili na Mahamri ya Kibarani

Kitufe katika ukurasa wa wavuti ni pambo tu hadi kifungiwe kishika-tukio, yaani kipande cha msimbo kinachongoja jambo fulani, kama vile kubonyezwa, ndipo kifanye kazi kiliyopewa. Njia za kukifungia ni mbili. Njia ya kutangaza huandika amri ndani ya tagi ya kitufe chenyewe, kwa neno onclick, na ni desturi ya tangu enzi za Netscape, ambako Brendan Eich aliitunga JavaScript kwa siku 10 mwezi Mei 1995. Njia ya skripti hukiacha kitufe kitupu, kisha skripti iliyo mbali hukitafuta kwa jina na kukifungia amri hiyo.

Tofauti hii huonekana ndogo mpaka iingie jikoni. Kibarani, Kilifi, kijana aliyemtengenezea mama yake ukurasa wa kupokea oda za mahamri na mbaazi aliandika kwenye tagi agiza(), pamoja na mabano yake, na mambo yakaenda. Aliposikia kwamba mafundi hawachanganyi amri na tagi (rai ya busara, ingawa kwa ukurasa wa kitufe kimoja ni makuu), aliihamishia amri kwenye skripti, mabano yakiwa vilevile. Huko mabano maana yake ni “fanya sasa hivi”, kwa hiyo kila aliyefungua ukurasa kuchungulia bei aliandikiwa oda, ilhali aliyekibonyeza kitufe kwa njaa ya kweli hakupata kitu.

“Mwanangu, hawa watu wa sahani arubaini wako wapi?” mama aliuliza, mwiko mkononi.

Mabano yaliondolewa, kisha kijana akataka na kengele ilie, akaifunga kwa onclick ya pili, ambayo ilifuta ya kwanza: kengele ikalia vizuri, oda zikakoma. Dawa yake ni addEventListener, iliyo katika viwango vya W3C tangu Novemba 2000, ambayo huruhusu vishika-tukio vingi kukaa pamoja kwenye kitufe kimoja, ila huko tukio huitwa click, bila on. Kijana aliiacha on palepale. Kivinjari hakikulalamika, kilikaa kikingoja tukio ambalo halitokei kamwe, na mbaazi zikapoa.

Mama alichana kipande cha katoni, akaandika nambari yake ya simu, akakitundika mlangoni.