Sifa za Draya Inayogonga

Waliosema kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi hawakuwahi kulala juu ya draya. Sisi wa Minnesota, ambako nguo ikianikwa nje Januari huganda ikasimama wima yenyewe, tunalala juu yake: mashine ya kukaushia iko besmenti, kitanda kiko ghorofani, katikati ni mbao tu. Watu wengi huilaani ikianza kugonga. Mimi, kwa kuwa kila mwamba ngoma huvutia kwake, leo navutia upande wake.

Sifa huanza na ukoo, na wake haudharauliki. Mwaka 1892 George T. Sampson wa Ohio alipata hataza ya fremu ya kukaushia nguo kwa joto la jiko. Baadaye akaja J. Ross Moore wa North Dakota, jirani zetu wa magharibi, aliyechoshwa na nguo zinazoganda kambani. Akajenga kibanda, akatia jiko ndani, akaendelea kuchezea wazo hilo hadi mwaka 1938 kampuni ya Hamilton ya Wisconsin ilipoanza kuuza mashine iliyotokana na kazi yake. Wakaiita June Day, siku ya Juni. Kuuza Juni kwa watu waliozama kwenye theluji! Biashara ina maneno matamu.

Draya yenye kelele haina maneno matamu. Ikiugua husema inaumwa wapi, bila ada ya kumwona daktari. Ikitoa mlio mwembamba, kwiii, litazame kapi linalokaza mkanda, au ekseli ya rola (kigurudumu kinachobeba pipa la nguo) iliyokauka. Ikikwaruza chuma kwa chuma, vipande vya plastiki na sufi vinavyobeba mdomo wa pipa kwa mbele vimelika. Ikichachatika, kuna sarafu au skrubu imepenya mahali, labda hadi kwenye feni. Mtu wa kawaida hukuficha ugonjwa wake hadi alazwe; hii inatangaza mtaa mzima.

Lakini malkia wa sauti hizo ni du, du, du. Kwanza iendeshe bila nguo, kwani huenda ni zipu au viatu vya mtoto vinavyopiga pipa. Debe tupu haliachi kuvuma, ila draya ikiwa tupu na bado inavuma, ndipo ulete bisibisi. Ikigonga dakika chache za mwanzo kisha ikatulia, rola zimebonyea kwa kukaa muda mrefu bila kazi. Zikipata joto hurudi. Isipotulia, chomoa plagi, maana draya ya umeme huku kwa kawaida hutumia volti 240 na hizo hazina utani. Kama ni ya gesi, funga na valvu. Fungua, piga picha njia unayopita mkanda kabla hujauvua (utanishukuru), kisha zungusha pipa kwa mkono. Likiendelea kuguna na mkanda umeshatoka, mota haina hatia.

Mhalifu anakaa nyuma, chini ya pipa: rola, kigurudumu cha raba kinachoenea kiganjani. Ng'oa kibanio chake kwa bisibisi bapa, kivute kigurudumu kwenye ekseli, kitikise. Tundu la katikati, lililozaliwa duara, sasa ni yai, na ndani yake mna unga mweusi uliosokotana na nyuzi za soksi. Upande mmoja raba imekuwa bapa. Kila inapofika hapo, pipa lote na jinzi zake hushuka, du, kisha hupanda. Kitu kidogo hivi kimewaamsha watu wazima! Badilisha rola zote pamoja, kwa sababu mpya na kuukuu hazipatani, na ufute ekseli kwa kitambaa. Usipulizie mafuta ya kopo. Vumbi la nyuzi litayanywa, na baada ya muda utakuwa na gundi.

Na hapo ndipo ukarimu wa kelele unapoonekana. Ukishalitoa pipa, unakutana na godoro la vumbi lililojilaza karibu na mota na kwenye njia ya hewa moto, pamoja na penseli na kile kifungo cha shati ulichomsingizia dobi. Vumbi hilo halina sauti. Kimya kingi kina mshindo mkuu: mamlaka ya zimamoto ya serikali kuu ya Marekani iliwahi kukadiria mioto ya draya majumbani kuwa 2,900 hivi kwa mwaka, na sababu iliyoongoza ni kutosafisha. Mwenye draya tulivu husafisha kichujio cha mlangoni akajiona msafi, wala bomba la kutolea hewa nyuma ya mashine halijui. Mwenye draya inayogonga hufungua kwa hasira, akazoa vumbi bila kukusudia, nyumba ikapona.

Siku hizi madukani kuna draya zinazonong'ona. Zikimaliza kazi hukuimbia wimbo, zikiugua huandika herufi na tarakimu kwenye kioo, nawe ukatafute kitabu. Muuzaji mmoja alinisifia ya kwake kwamba sitaisikia kabisa. Nikamuuliza, sasa nitajuaje rola imekwisha? Akasema, "Utampigia fundi, bwana."